Mhasibu aliyerudi Amu, na daftari la kina mama wasukaji

Swali la msomaji:

"Asalaam aleikum, Bwana Mkaguzi. Mimi ni mhasibu mwenye CPA, cheti cha uhasibu wa kitaalamu. Nilifanya kazi Mombasa miaka tisa katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na mwaka jana nilirudi Amu (Lamu) kumuuguza mama. Muda ninao, na hamu ya kusaidia ninayo. Kikundi cha kina mama wasukaji mikeka, katika kijiji ambacho naomba nisikitaje, kilinialika. Niliwatengenezea mpango mzuri wa hesabu kwenye kompyuta yangu. Miezi mitatu imepita, hakuna aliyeufungua. Badala yake wamenichagua kuwa mweka hazina bila kuniuliza, na wanataka pesa ziingie kwenye laini yangu ya M-Pesa, eti kwa kuwa mimi ndimi msomi. Nilipolinganisha hesabu za nyuma, kuna elfu kumi na kitu sizioni. Mweka hazina wa zamani ni shangazi yangu. Wakati huohuo nyumba moja ya watoto yanitaka niwatafutie wafadhili, na vijana wapandao mikoko wanataka niwaandikie andiko la mradi. Nitoe vipi ujuzi wangu bila kuharibu kitu na bila kuharibikiwa?"

Waaleikum salaam, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara tatu. Mimi naishi Malindi, lakini kwa zaidi ya miaka ishirini nimepanda boti za Mokowe kwenda kukagua na kufundisha vikundi vya Amu, Pate na Manda, kwa hiyo hayo uliyoyaeleza nayajua kwa sura zake.

Nianze na lisilongoja. Uweka hazina urudishe wiki hii, kabla hujafanya jingine lolote. Nenda mkutanoni, washukuru kwa heshima waliyokupa, uwaambie huwezi kuipokea, na umwombe katibu aliandike hilo katika kumbukumbu za mkutano. Ukishika fedha za kikundi, umewapa mikono yako tu, na mikono wanayo. Walichokosa ni jicho la mtu anayejua hesabu na ambaye hagusi pesa. Ukiwa mweka hazina, hakuna tena wa kumkagua mweka hazina.

Na laini yako isipokee hata shilingi moja ya kikundi. Watu huliona hili jambo dogo, mimi nimeliona likizika vikundi. Pesa zilizo kwenye laini yenye jina lako, kwanza huhesabiwa kuwa zako. Mola akupe umri mrefu, lakini siku ukifariki zitahesabiwa katika mirathi, na kina mama watajikuta kwa Kadhi wakibishana na mama yako na ndugu zako, huku kila upande ukiwa na haki ya kusema. Kikundi kifungue akaunti ya benki au namba ya M-Pesa kwa jina lake chenyewe. Watia sahihi wawe watatu, wawili kati yao watoshe kutoa pesa, na wewe usiwe miongoni mwao. Namba ya siri usiijue. Wakikulazimisha uishike "kwa dharura tu", kataa. Dharura ya kwanza ndiyo huwa desturi.

Sasa hiyo kompyuta. Naomba usiwalaumu, wala usidhani hawakuelewa. Mwanamke anayesuka ukili wa mapambo ya rangi tatu, akajua tangu mwanzo mistari itakutana wapi atakapouunga uwe mkeka, hashindwi na hesabu za kujumlisha na kutoa. Shida ni kwamba chombo kiko nyumbani kwako, na mwenye hesabu yuko kijijini. Kila shilingi ikitoka inabidi isubiri wewe uje na boti, au mtu apande punda akufuate mjini. Hesabu inayosubiri haiandikwi kamwe.

Nunua kaunta buku moja ngumu, kitabu cha risiti chenye kopi, na daftari dogo la vocha za malipo. Katika kaunta buku piga mistari upate nafasi sita: tarehe, maelezo, namba ya risiti au vocha, iliyoingia, iliyotoka, baki. Basi. Mwandishi awe mweka hazina wao, kwa mwandiko wake. Kila mwisho wa mwezi alinganishe baki na taarifa ya benki na ya M-Pesa, na pesa taslimu zihesabiwe mezani mbele ya wenzake wawili. Kisha jambo ambalo vikundi vingi huliruka: baki isomwe kwa sauti mkutanoni, kila mwezi, hata kama ni shilingi mia saba. Mwenye swali aulize papo hapo, asiende nalo kisimani. Kompyuta yako itumie kwako nyumbani kupanga ripoti ya mwaka. Mungu akijalia, baada ya mwaka mmoja, mmoja wao atataka kujifunza, na hapo utamfundisha.

Swali ambalo kila mhasibu anayetoka mjini hulikwaa ni la risiti. Nahodha wa boti hatoi risiti. Mchukuzi mwenye punda hatoi. Mzee aliyewauzia miaa shambani hatoi. Vijana wasomi huja wakasema "hakuna risiti, hakuna malipo", na matokeo yake mweka hazina ananunua risiti za uongo dukani ili kuwaridhisha. Usimfikishe huko. Tengenezeni vocha yenu: jina la aliyelipwa, namba yake ya simu, kazi aliyoifanya, kiasi, sahihi yake au dole gumba, na sahihi ya shahidi mmoja. Kamati iandike mara moja, kwa maazimio, nauli za kawaida za safari zenu na kiasi ambacho hakihitaji risiti ya dukani. Mfadhili mwenye akili hukubali utaratibu wa namna hiyo ukiwa umeandikwa na unafuatwa. Sijapata kuona ukikataliwa na mtu aliyewahi kufika kisiwani.

Hapa nataka nikusimulie kisa, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kazi hii ni ya nini.

Miaka mingi iliyopita niliitwa na kikundi cha uvuvi, katika kisiwa nisichokitaja, kuja "kumshika mwizi". Ndivyo walivyosema kwenye simu. Mweka hazina alikuwa mwanamke mjane, na zilikosekana shilingi 38,400. Nilipofika, nilikuta ameshaacha kwenda harusini. Watoto wake walikuwa wakitupiwa maneno chuoni, kwenye masomo ya Qur'ani. Niliketi naye barazani siku mbili, na sikuleta fomu yoyote. Nilimwambia: tukumbuke, mwezi kwa mwezi. Tulianza na misimu. Kabla ya Ramadhani ulifanya safari ngapi? Nani alikuwa nahodha? Tukawaita manahodha, wakathibitisha: safari 14 kwa shilingi 600 kila moja, jumla 8,400. Mafuta ya injini, mwenye duka alikuwa na daftari lake: 17,300. Rambirambi ya msiba wa mwanachama, 5,000, na kila mtu aliyehudhuria aliikumbuka. Mchele, sukari na majani ya chai ya mikutano, 6,500. Jumla 37,200. Zilibaki 1,200 ambazo yeye mwenyewe alisema hazikumbuki, na alizilipa kwa hiari yake siku ileile.

Yule mama hakuiba. Aliadhibiwa karibu mwaka mzima kwa kukosa kipande cha karatasi. Tangu hapo nimeacha kabisa kufundisha uwekaji hesabu kama mtego wa kumnasa mtu. Katika visiwa vyetu, ambako anayekushuku leo ndiye atakayekuosha kesho ukifa, daftari ni ngao ya anayelishika. Nikiingia kikundini siku ya kwanza, namwambia mweka hazina mbele ya wote: nimekuja kukulinda wewe. Utaona mabega yake yakishuka.

Wasukaji wako bila shaka wanaijua methali, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini wanayo hoja kubwa kuliko hiyo, na wameisoma tangu chuoni bila kuifikiria kama habari ya uhasibu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Sura Al-Baqara, ni aya ya kuandika deni. Mimi si sheikh, na maana zake kamili utawauliza wenye elimu hiyo. Nasema kama mhasibu aliyeisoma akashangaa. Imeamrisha kuandika. Imesema mwenye deni juu yake ndiye atamke, mwandishi aandike. Imesema watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Imetaka mashahidi. Na kuna mambo mawili ndani yake ambayo, kwa maoni yangu, yanajibu barua yako: kwamba ajuaye kuandika asikatae kuandika kama alivyofunzwa na Mola wake, na kwamba mwandishi na shahidi wasidhuriwe.

Tazama lile la mwenye deni kutamka. Mwandishi, pamoja na elimu yake yote, si mwenye jambo. Unapoketi na kina mama, waache watamke wao: pesa hizi ni za nini, nani anaamua, wanaogopa nini. Utashangaa. Kuna kikundi hapa Malindi nilikiandalia mpango wa miaka mitatu, kurasa arobaini. Mwenyekiti aliuweka kabatini akaniomba nimsaidie jambo moja tu: jinsi ya kumwambia mjomba wake arudishe mkopo. Nililiona dogo. Ndilo lililokuwa linakiua kikundi.

Tuje kwa shangazi. Kwanza, usiseme neno "upungufu" kwa mtu yeyote kabla ya kuketi naye. Nenda nyumbani kwake kama mwana wa kaka yake, si kama mkaguzi, na mwambie ukweli: shangazi, kuna elfu kadha nimeshindwa kuziona kwenye karatasi, nisaidie nizione. Fanyeni kama nilivyofanya na yule mjane: misimu, safari, misiba, mafuta. Pili, kwa sababu ni damu yako, usifanye peke yako. Mwombe mwenyekiti akupe mwanakamati mmoja asiye wa ukoo wenu awe nawe tangu kikao cha pili. Hata ukizipata zote, usipokuwa na mtu wa nje watu watasema umemsitiri. Na ripoti ya mwisho asome yule mwingine, wewe unyamaze.

Itakuwaje ikiwa zimeliwa kweli? Hutokea, na siwezi kukudanganya kwamba kila upungufu ni karatasi iliyopotea. Basi kiasi kiandikwe, mhusika aelezwe mbele ya kamati, apewe nafasi ya kujibu, na wakubaliane marejesho kwa tarehe, kwa maandishi. Kama ndani yake mna pesa za mfadhili, mfadhili aambiwe na kikundi chenyewe, mapema. Wafadhili wengi huvumilia kosa lililosemwa, na hulikimbia lililofichwa. Kazi yako inaishia kwenye kuweka tarakimu wazi. Kuhukumu ni kwa kamati na mkutano mkuu. Lakini wakikutaka utie sahihi hesabu unayojua si kweli, ondoka siku hiyohiyo, na uwaachie barua fupi inayoeleza sababu. Sahihi ya CPA umeipata kwa miaka ya mitihani. Usiifanye pazia.

Na kwa kuwa tumeigusa sahihi: ukiwasaidia kuweka hesabu, huwezi kuwa mkaguzi wao, hata kwa bure, hata wakikuomba kwa machozi. Ukaguzi rasmi hutiwa sahihi na mwanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, mwenye leseni ya kufanya kazi hiyo, na asiwe amezigusa hesabu hizo. Mtafutie kikundi mwenzako wa Mombasa au Malindi anayeweza kuwapunguzia ada. Hicho nacho ni msaada.

Sasa nikuambie ni wapi ujuzi wako utawafaa zaidi, kwa sababu uhasibu si kulinda tu. Kaeni mpige hesabu ya mkeka mmoja. Sijui bei za kijiji hicho, kwa hiyo nachukua mfano wa kubuni. Tuseme miaa ya shilingi 400, rangi 150, na sehemu ya nauli ya kuufikisha mjini 200. Hizo ni 750. Mkeka unauzwa 1,500. Kina mama watasema wamepata faida ya 750, na watafurahi. Waulize: umesuka siku ngapi? Wakikwambia siku sita, basi kila siku imelipwa shilingi 125. Usiseme lolote baada ya hapo. Waache wenyewe wazungumze. Nimelifanya zoezi hili na wasukaji, wauza samaki wa kukaanga na wapika mahamri, na kila mara kuna ukimya, halafu mtu mmoja anasema "kumbe". Kutoka kwenye "kumbe" hiyo ndiko huzaliwa maamuzi: kununua miaa kwa jumla wakati wa bei nafuu, kupeleka mikeka kumi kwa safari moja, kusuka vikapu vidogo vinavyomalizika kwa siku moja, kukataa oda ya hoteli inayowalipa chini ya gharama. Hakuna kitabu cha biashara kutoka ng'ambo kitakachowafanyia hilo.

Kisha wapangie mwaka wao kwa pepo za bahari. Kalenda ya Januari hadi Disemba iache kwa ripoti. Kusi ikivuma, bahari inachafuka, wavuvi hawatoki sana, na nyumba nyingi hazina pesa, kwa hiyo michango hukwama. Kaskazi ikirudi, samaki wapo, na wageni wapo Amu na Shela. Mhasibu asiyejua hili huandika "wanachama hawana nidhamu ya kulipa". Michango ikipangwa mikubwa wakati wa kaskazi na midogo wakati wa kusi, "nidhamu" hurudi yenyewe. Na mikutano iwekwe siku ambazo maji yanaruhusu, kwani anayetoka upande wa Pate hupita kwa maji kujaa.

Ukitaka ushahidi kwamba mipango ya biashara inaweza kubeba kazi ya jamii, njoo siku moja hapa Gede nikupeleke Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa 1993 kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Wanakijiji hufuga vipepeo, na mabuu yaliyojifunga hupelekwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho. Bidhaa hiyo huanguliwa ndani ya siku chache, kwa hiyo oda, hesabu na usafirishaji visipokwenda sawa, mkulima hana anachouza. Mapenzi ya msitu peke yake yasingetosha. Ilibidi awepo mtu wa kupokea oda, kuhesabu, na kulipa kwa wakati.

Mambo ya sheria nitayapitia haraka, maana wewe utayasoma mwenyewe. Angalia cheti chao ni cha aina gani. Vikundi vya kijamii husajiliwa na Ofisi ya Maendeleo ya Jamii chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022. Mashirika makubwa yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika 14 Mei 2024 badala ya ile ya 1990, na nyumba ile ya watoto pengine inaihusu. Halafu uliza kama wana pini ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi. Vikundi vingi vilichukua pini ili vifungue akaunti, vikasahau. Pini ikiwepo, ritani lazima iwasilishwe kila mwaka, hata kama ni sifuri. Kwa mwaka unaoishia Disemba mwisho ni 30 Juni, na faini ya asiye mtu binafsi ni shilingi 20,000 au asilimia 5 ya kodi, yoyote iliyo kubwa. Nimekuta kikundi chenye shilingi elfu nane benki na faini za miaka minne. Msamaha wa kodi kwa kazi za hisani upo, ila huombwa, hauji wenyewe. Na mwenye kuajiri hata mlinzi mmoja ajue makato ya mshahara hupelekwa kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Saa moja yako kwenye mambo haya ina thamani kuliko semina ya wiki nzima.

Nyumba ya watoto usiiingie kwa haraka. Nia zao huenda ni njema kabisa, lakini nchi imebadilisha mwendo: Sheria ya Watoto ya 2022, pamoja na mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032, vinataka watoto walelewe katika familia, si katika majumba. Kabla ya kuwatafutia pesa, uliza kila mtoto yuko pale kwa sababu gani, na mpango wa kumrudisha kwa jamaa ni upi. Wakiwa na majibu, wasaidie waandike bajeti ya kazi hiyo. Wakiwa hawana ila picha za watoto za kutuma kwa wageni, jiepushe. Picha na habari za mtoto zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na heshima ya mtoto ilikuwepo kabla ya sheria hiyo.

Vijana wa mikoko nao, usiwaandikie andiko. Keti nao, waandike wao, wewe usahihishe bajeti. Ukiwaandikia, mfadhili atakuja kuwauliza maswali na watatazamana. Ila kuna jambo moja ambalo wakikuitia, acha mengine uende mbio: mtu akiwaletea mkataba wa kaboni, yaani wa kuuza hesabu ya hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko. Wamesikia habari za Mikoko Pamoja kule Gazi, Kwale, ambako tangu 2013 wanakijiji wameuza kaboni ya mikoko na mapato yakaenda kwenye maji na shule, na wanatamani. Ni tamaa njema. Lakini waelewe kwamba sheria ya mabadiliko ya tabianchi, iliyorekebishwa 2023, inadai mkataba wa maendeleo na jamii, na kwa miradi ya ardhini isiyopungua asilimia 40 ya mapato iende kwa jamii. Wewe utasoma tarakimu. Tafuta pia wakili asome maneno, na hakuna atakayetia sahihi kabla nyote wawili hamjamaliza.

Utaona nimekugawia kazi za vikundi vitatu, nawe una mgonjwa nyumbani. Hapa ndipo lile la mwandishi asidhuriwe linapokuhusu. Chagua kimoja. Ningekuwa wewe ningechagua kina mama, kwa kuwa mmeshaanza na pana jambo la kumaliza. Muandikiane karatasi moja, kwa Kiswahili, isomwe mkutanoni: kazi utakayofanya, siku utakayoanza na siku utakayomaliza, nani ataketi nawe kila ukija, na mambo ambayo hutayafanya. Siku tisini zinatosha. Huko Marekani, Taproot Foundation, iliyoanzishwa 2001, ilijengwa juu ya wazo hilihili: mtaalamu anajitolea ujuzi wake kwa kazi yenye mipaka iliyotajwa mapema, kama angefanya kwa mteja anayelipa. Kitu hicho kimoja nimekichukua kwao bila kukibadilisha. Mpe mama msukaji adabu ileile uliyompa mwenye meli: fika kwa wakati, timiza ulichosema, leta kazi iliyokamilika.

Nauli yako walipe wao. Najua utaona haya. Ujuzi utoe bure, lakini boti walipe wao, au wakupikie chakula cha mchana, na kiandikwe kwenye kaunta buku kama gharama. Kitu kilichogharimu hata kidogo hutunzwa. Nao wakukubalie kuhesabu saa zako na kuziweka kwenye ripoti kama mchango usio wa pesa, kwa sababu wafadhili wengi huuliza kikundi chenyewe kimechangia nini, na kina mama hawa huacha nafasi hiyo tupu ilhali wamechangia kila kitu.

Tafuta pia mtu mmoja wa kumrithisha. Pengine ni binti wa mmoja wao, aliyemaliza sekondari na yuko nyumbani. Aje nawe kila mara, abebe daftari, aulize maswali. Mama yako akizidiwa ukashindwa kwenda mwezi mzima, kazi isilale.

Kwa hiyo Jumamosi hii, ukipita mjini, nunua lile kaunta buku na rula. Pitia kwa shangazi kwanza. Ukifika kwa kina mama, piga mistari ya ukurasa wa kwanza, andika juu nafasi zile sita, kisha mpe kalamu mweka hazina mpya waliyemchagua badala yako. Mstari wa kwanza uwe wa bei ya daftari lenyewe, na auandike yeye.